Jinsi ya kuanzisha tiba ya VR kwa maumivu sugu kwenye kliniki yako

Kila nikiongea na watu wa fizio (tiba ya viungo kwa mazoezi) au wa kliniki za maumivu kuhusu VR, yaani mandhari ya kompyuta mtu anayoiona imemzunguka akivaa hedseti machoni, swali la kwanza huwa ni "ninunue ipi?", na hilo kwa kweli ndo swali la mwisho. Hedseti zipo, ukiwa na hela unaagiza zinakuja. Kinachokosekana ni mtu mmoja mwenye saa zake kwenye ratiba, aliyeandikwa jina kabisa, kwamba Jumanne na Alhamisi saa 3 asubuhi mpaka saa 6 mchana kazi yake ni hiyo tu. Hedseti zinazoishia kabatini na vumbi lake zinaishia huko kwa sababu nesi aliambiwa "utakuwa unawafanyia ukipata nafasi", sasa jamani nesi gani anapata nafasi?

Kwa hiyo kama bosi hajakubali kutoa hizo saa, acha kwanza, usinunue kitu. Kama amekubali, tuendelee.

Ujue unaanzisha nini

Wengi walioisikia VR hospitalini wamesikia habari za watu walioungua moto. Ni kweli, Hunter Hoffman na David Patterson wa University of Washington kule Seattle walianza nayo miaka ya 1990, mgonjwa anasafishwa kidonda huku machoni mwake yuko kwenye bonde la barafu anarusha mabonge ya theluji, akili ikishikwa na theluji inabakiwa na nafasi ndogo ya kusikia maumivu. Kwa maumivu ya muda mfupi kama hayo inasaidia sana. Ila mtu ambaye mgongo unamuuma toka 2019 huwezi kumrushisha theluji maisha yake yote, akivua tu hedseti mgongo wake uko palepale unamsubiri.

Maumivu sugu, yaani yale yaliyozidi miezi 3, yana tabia zake. Mara nyingi jeraha lilishapona au limebaki dogo tu, lakini mfumo wa fahamu umeshazoea kupiga kelele, kama jirani anayeamsha mtaa mzima "mwizi! mwizi!" kumbe paka kapita. Juu ya hapo mtu anaogopa kuinama, usiku halali vizuri, misuli inadhoofika kwa kutotumika, hela ya dawa inampa mawazo, na yote hayo yanarudi kuongeza maumivu yaleyale. Kwa hiyo programu unayoitafuta ni ile inayomfundisha mtu kitu atakachobaki nacho akishavua: namna ya kupumua, kuhamisha mawazo kwa makusudi, kuelewa kwa nini anaumwa, kusogea bila hofu. Apu ya kutazama samaki tu haitoshi, hata kama samaki ni wazuri.

Mpangilio wa kuiga ni wa RelieVRx ya kampuni ya AppliedVR, California, zamani ikiitwa EaseVRx. Mwezi wa 11 mwaka 2021 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, iliiruhusu itumike kwa watu wazima wenye maumivu sugu ya mgongo wa chini, kwa kuandikiwa na mtoa huduma, tena kama nyongeza juu ya tiba nyingine. Ni wiki 8, sesheni 56, yaani moja kila siku, na kila sesheni ni dakika 2 mpaka 16. Watu wakisikia dakika 2 wanacheka ila kidogo kidogo kila siku ndo kinachojenga mazoea, huwezi kumfundisha mtu kupumua kwa kumbana saa nzima mara moja kwa wiki. Hedseti yenyewe ina kifaa kinachonasa pumzi ya mgonjwa, akitoa pumzi anaona kwa macho yake mandhari ya mbele inabadilika.

Jaribio walilolipeleka FDA lilikuwa na watu 179 na wote walifanyia nyumbani. Kwenye kundi la programu kamili 66% walisema maumivu yamepungua kwa zaidi ya 30%. Kundi la pili walipewa hedseti pia lakini ndani ni video bapa za kawaida zisizo na mafunzo, na bado 41% walipata nafuu ya kiwango hichohicho. Hiyo namba ya pili naomba uitazame vizuri maana wauzaji huwa wanairuka. Inakwambia kwamba nafuu nyingi inakuja kwa sababu mtu ametulia, amehudumiwa, ana matumaini, na pia maumivu yenyewe yana kupanda na kushuka. Na watu wa kampuni wenyewe walishiriki kwenye huo utafiti. Mimi bado naiamini hii tiba, tofauti ya 66 na 41 sio ndogo, lakini usije ukamwambia mgonjwa "mama hii itakuponya". Mwambie wengi wanapata nafuu ya kiasi, wengine hawapati kabisa, na dawa zake asiache bila kuongea na daktari wake.

Nani wa kuanza naye

Chagua tatizo moja tu. Mgongo wa chini ndo wa kuanzia, ushahidi upo na wagonjwa hutawakosa, makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa watu milioni 619 duniani wana maumivu hayo. Watu waliokatwa kiungo na bado wanasikia maumivu ya mkono ambao haupo, kuna kazi nzuri ya kina Max Ortiz-Catalan huko Sweden iliyotoka kwenye jarida la Lancet 2016, watu 14, mgonjwa anauona mkono wa kompyuta ukisogea pale anapojaribu kuusogeza wa kwake, lakini ile inataka vifaa vya kusoma misuli na mtaalamu wake, sio ya kuanza nayo.

Kabla hujamvalisha mtu chochote hakikisha ameonwa na daktari, na wewe mwenyewe uliza tena. Miguu imelegea ghafla? Mkojo au choo kinamtoka bila kujijua? Ganzi kati ya mapaja? Amekonda bila sababu, homa za jioni, jasho la usiku, aliwahi kuwa na kansa? Jibu la ndiyo kwa chochote hapo, rudisha kwa daktari leo leo. Na kwa wenzangu wa Afrika Mashariki TB ya uti wa mgongo ipo, inakuja kimyakimya kwa mgongo tu, halafu mtu anapewa diklofenaki miezi sita. Itakuwa aibu kubwa mtu wa namna hiyo kumtuliza na video ya bahari.

Wa kuwaacha nje kwanza: mwenye kifafa au aliyewahi kuanguka kwa sababu ya mwanga unaowakawaka, mwenye kizunguzungu kikali, kipandauso ambacho hakijadhibitiwa, aliyetoka kufanyiwa operesheni ya jicho, anayesikia sauti au kuona vitu visivyokuwepo, mwenye macho mekundu ya kuambukiza au kidonda usoni. Mwenye betri ya moyo au kifaa chochote kilichopandikizwa muulize daktari wake. Shingo mbovu pia, hedseti nyingi za kawaida zina karibu nusu kilo na nusu kilo puani na kwenye paji la uso sio mchezo kwa shingo iliyochakaa.

Halafu kuna kitu hakipo kwenye miongozo ya kizungu: muulize mtu kama anataka. Wapo wazee wanaoona kufunikwa macho mbele ya mtu mgeni ni jambo la kutisha, na wana haki yao. Mwonyeshe kwanza kwenye tableti kitakachotokea, akikataa tiba nyingine zipo.

Lugha

Hapa ndipo wengi wanakwama na hakuna anayekuonya. Programu nyingi zinaongea Kiingereza, na sauti ndiyo inayofundisha. Bibi wa miaka 68 anayejua Kiswahili tu ukimwekea sauti ya Kimarekani inamwambia atazame mawazo yake yakipita, atakaa kwa adabu dakika kumi, atakushukuru, na hatarudi.

Njia ninayoipenda ni kuchukua mandhari isiyo na maneno, ufukwe, msitu, mwanga unaopanuka na kusinyaa kwa kasi ya kupumua, kisha unazima sauti ya programu na wewe unakaa pembeni unaongea mwenyewe. Spika za hedseti nyingi hazizibi masikio, mgonjwa anakusikia vizuri tu. "Vuta pumzi taratibu, moja, mbili, tatu, nne. Toa, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita." Hiyo ni pumzi kama 6 kwa dakika, hesabu polepole. Ukishazoea andika maneno yako, rekodi kwa simu sehemu tulivu, feni imezimwa, halafu anayehudumia anacheza hiyo rekodi. Faida nyingine rekodi unamtumia mgonjwa WhatsApp anafanyia nyumbani bila hedseti yoyote. Mwenye kamera ya nyuzi 360 akarekodi ufukwe wa kwao alfajiri ngalawa zinarudi na hiyo ni nzuri kuliko milima ya theluji ambayo mgonjwa hajawahi kuiona, ila iwe juu ya stendi imetulia, picha ikitembea watu watatapika.

Vifaa, kwa kifupi

Nunua mbili, sio moja, kwa sababu moja itakuwa kwenye chaji au ina tatizo siku mgonjwa ametoka mbali. Kwa kupumua na kutulia hata hedseti inayofuata kugeuka kwa kichwa peke yake inatosha, lakini ukitaka mgonjwa anyooshe mikono, ainame, afikie kitu, unahitaji inayofuata pia kichwa na mikono vinavyosogea mbele, nyuma na pembeni. Meta Quest 3S ilipotoka 2024 iliuzwa dola 299 kule Marekani, ongeza usafiri na ushuru kisha piga hesabu yako. Yale maboksi ya kuchomeka simu yaache, simu inachemka, picha inachelewa na mtu anapata kichefuchefu siku ya kwanza, umempoteza.

Fungua akaunti ya kliniki. Usitumie akaunti ya nesi, siku akihama anahama nayo. Usiingize jina la mgonjwa ndani ya hedseti, tumia namba, na fomu zikae kwenye faili lake. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya kuna ya 2019, taarifa za afya zina uzito wake humo. Pakua programu zote zifanye kazi bila intaneti, na hakikisha unaweza kurusha picha ya hedseti kwenye tableti au simu ili uone anachokiona mgonjwa, bila hivyo anakuambia "mbona kuna maandishi" na wewe hujui anaongelea nini.

Jua. Hili nalirudia kwa kila mtu. Lenzi za hedseti zikielekea dirishani jua likaingia linakusanyika kwenye skrini na kuichoma, dakika chache tu, na doa halitoki tena. Ikivuliwa inaingia kwenye begi lake papo hapo. Lenzi zinafutwa kwa kitambaa laini kikavu, spiriti usipitishe kwenye lenzi. Sponji ya uso ibadilishe uweke ile ya silikoni inayofutika kwa dawa kila baada ya mtu, na juu yake kikaratasi cha kutupa. Sehemu za joto kama Pwani jasho ni jingi, kwa hiyo washa feni, itasaidia na kichefuchefu pia.

Siku ya kwanza

Tuseme amekuja mama mtu mzima, amefunga kilemba. Umeshamwamkia, mkalishe kwenye kiti chenye mikono, kisicho na magurudumu, miguu ikanyage chini, nafasi ya kuzungusha mikono iwepo. Anayevaa hijabu apewe sehemu yenye pazia na mhudumu wa kike, uliza kabla usisubiri aone aibu. Hedseti usiivute kutoka juu kama kofia ya bodaboda, mpe ashike yeye aiweke machoni kwanza, ndipo wewe ufunge mikanda kwa nyuma taratibu, upande mmoja kisha mwingine, mkanda upite chini ya fundo la kilemba au la rasta. Muulize "maandishi unayaona vizuri mama, au yana ukungu?" Kama ukungu, sogeza hedseti juu au chini kidogo, kisha rekebisha umbali wa lenzi kulingana na macho yake. Hili la ukungu usiliharakishe, malalamiko mengi ya kichwa kuuma yanaanzia hapo. Mwenye miwani avae na miwani yake kama inaingia bila kugusa lenzi.

Mwambie mapema, kwa sauti ya kawaida: "Ukiona kichwa kinazunguka, funga macho tu kwanza, halafu niambie, usivue kwa haraka." Na mwambie uko hapo, utakaa hapohapo. Kama utamgusa bega mjulishe kabla, mtu aliyefunikwa macho akiguswa ghafla anaruka na mgongo unamkamata.

Dakika 5 zinatosha siku hiyo hata kama amefurahia na anataka zaidi. Mandhari iwe imetulia. Kwenye lile jaribio la Marekani karibu mtu 1 kati ya 10 alipata kichefuchefu au kizunguzungu, na karibu 1 kati ya 5 alisema hedseti haimkai vizuri, kwa hiyo tegemea na yako itakuwa hivyo. Akivua asisimame hapohapo, anywe maji, akae dakika chache, asiendeshe pikipiki muda huohuo.

Wiki zinazofuata

Kila siku kliniki haiwezekani, nauli peke yake itamshinda na mgongo wenyewe utaumia kwenye daladala. Kuazimisha hedseti nyumbani ndo walivyofanya wenzetu na inafaa kama una vifaa vingi, fomu ya kusaini na mtu wa kupokea simu, maana zitakuja simu za "imeandika sijui nini hapa". Kwa kuanza mimi ningefanya mara mbili kwa wiki kliniki, na siku nyingine mgonjwa anafanya pumzi ileile nyumbani kwa rekodi. Wiki mbili za kwanza ni pumzi na maelezo ya maumivu, wiki ya tatu na nne kuhamisha mawazo, kuanzia ya tano ingiza kusogea ndani ya VR, kunyoosha mkono kuchuma kitu, kugeuza kiuno, kuinama kidogo. Kwa mtu anayeogopa kuinama hii ina nguvu sana, anafuatilia embe mbele yake na anainama bila kujipima.

Na akishavua usimuache aende. Dakika 10 zinazofuata mwili bado umelegea, fanya naye palepale mazoezi aliyokuwa anayaogopa, kukaa na kusimama mara kadhaa, kuokota kitu sakafuni, kutembea korido. Kama ratiba yako haina hizo dakika 10, punguza idadi ya wagonjwa. VR bila fizio baada yake naiona ni kupoteza hela.

Pima. Kuna kipimo kinaitwa PEG, maswali matatu tu ya kujibu kwa 0 mpaka 10: wiki iliyopita kwa wastani maumivu yalikuwa kiasi gani, yamekuzuia kiasi gani kufurahia maisha, yamekuzuia kiasi gani kufanya shughuli zako. Jumlisha gawa kwa 3. Chukua kabla ya kuanza, wiki ya 4, wiki ya 8. Ikishuka kwa 30% hivi hiyo ni nafuu ya maana, mfano kutoka 7 mpaka chini ya 5. Usiulize maumivu peke yake, wapo ambao namba ya maumivu haisogei lakini sasa wanafua, wanapanda ngazi za msikitini, wanalala, na hao wamefaidika. Ikiwa wiki ya 4 hakuna namba hata moja iliyosogea na amehudhuria vizuri, msimamishe bila kumlaumu, mrudishe kwa daktari mpange kingine. Andika pia waliokacha na sababu zao, hiyo karatasi ndo utakayoenda nayo kwa mkurugenzi ukitaka bajeti.

Kuhusu malipo, Marekani mwaka 2023 kifaa cha aina hii kilipewa namba yake ya kudai malipo, E1905, na hata hapo bima nyingi zinasuasua. Kwa hiyo popote ulipo kaulize bima kabla ya kumwahidi mgonjwa chochote, na kama haipo ihesabu ndani ya sesheni ya fizio ambayo tayari inalipika, usimtoze mtu "hela ya VR".

Wiki ya 8 ikiisha mgonjwa anaondoka na rekodi yake, mazoezi yake matatu yaliyoandikwa kwenye karatasi, na tarehe ya kupigiwa simu baada ya miezi 3. Siku hiyo mpigie kweli, muulize yale maswali matatu. Kama imepanda kidogo mpe sesheni mbili za kukumbushia. Kama anakuelezea maumivu mapya, yanayoshuka mguuni au yanayomwamsha usiku wakati zamani hayakuwa hivyo, hedseti isiguswe, aje aonwe na daktari upya.